Viungo vimevimba na TB imo: ni Poncet, TB ya kiungo, dawa au baridi yabisi?

Mtu anayetibiwa kifua kikuu jijini Nairobi akianza kuumwa magoti, hatakosa majibu. Jirani atamwambia ni baridi ya Julai. Mwenye kemisti atasema ni jongo, aache nyama choma, na kumuuzia vidonge juu yake. Maabara ya mtaani itamwandikia brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi na mifugo, kama inavyowaandikia wengi wanaopita mlangoni wakilalamikia maumivu ya mwili. Kwenye kliniki ya TB, foleni ikiwa ndefu, ataambiwa "ni hizo dawa tu, vumilia".

Kila mmoja wao huenda akawa amepatia. Ugumu ni kwamba majibu manne ninayoyafikiria zaidi yanampeleka mgonjwa njia tofauti kabisa. Jibu moja linamtaka amalize dawa zake za miezi sita na viungo vitatulia vyenyewe. Jingine linamtaka ameze dawa mwaka mzima na amwone daktari wa mifupa. La tatu linamtaka asubiri awamu ya kwanza ya dawa ipite. La nne linamwanzishia dawa za kushusha kinga ya mwili, ambazo zikitolewa wakati TB haijadhibitiwa huifungulia mlango.

Kwa hiyo nalinganisha hapa wanne: ugonjwa wa Poncet (viungo kuvimba kwa sababu ya TB iliyo kwingine mwilini), TB iliyoingia ndani ya kiungo chenyewe, maumivu yanayoletwa na pirazinamidi, mojawapo ya dawa za TB, na baridi yabisi ya aina ya rumatoidi. Jongo na brusela nitazigusa njiani. Sitawapa nafasi sawa. Poncet ni nadra na ndiye anayeeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa naye muda mrefu. Na niseme mapema ninakoegemea: swali la kwanza la kumuuliza mgonjwa si panauma wapi. Ni palianza kuuma lini.

Wanaolinganishwa

Antonin Poncet alikuwa daktari mpasuaji wa Lyon, Ufaransa. Mwaka 1897, miaka 15 baada ya Robert Koch kutangaza kuwa amempata bakteria wa kifua kikuu, Poncet alieleza juu ya wagonjwa wa TB waliovimba viungo kadhaa kwa pamoja. Ajabu yake ni kwamba ndani ya viungo hivyo bakteria hawakuwamo. TB ilikuwa mahali pengine mwilini, kwenye tezi au mapafu, na viungo vilivimba kwa sababu ya ghasia ya kinga ya mwili. Ni kama mwizi amejificha Eastleigh halafu askari wanavunja milango Pangani: nyumba zinaharibika ingawa mwizi hakuwahi kuzikanyaga.

Madaktari walibishana kwa miaka mingi kama ugonjwa huu upo kweli, na hata leo wapo wanaousikia kwa mashaka. Mimi naona ushahidi wa kutosha umetoka pembeni. Mwaka 1956 mtafiti Carl Pearson wa Marekani alieleza jinsi panya waliodungwa mafuta yaliyochanganywa na bakteria wa jamii ya TB waliokwisha kufa walivyovimba viungo. Bakteria aliyekufa hawezi kusafiri hadi gotini na kuzaana humo, kwa hiyo kilichovimbisha ni mwili wenyewe. Jambo la namna hiyo huonekana pia kwa watu. Wagonjwa wa saratani ya kibofu hutiwa chanjo ya BCG ndani ya kibofu kama tiba, na wachache wao huvimba viungo visivyo na bakteria yeyote ndani yake.

TB ya kiungo ni kitu kingine. Hapa bakteria wamesafiri kwa damu, wakatua kwenye mfupa au kwenye utando wa kiungo, na wanakila taratibu. Uti wa mgongo ndio unaoshambuliwa zaidi, na TB hiyo ndiyo chanzo kimoja cha kibiongo kinachotokea kwa mtoto aliyezaliwa na mgongo ulionyooka. Nyonga na goti hufuata.

Pirazinamidi ni dawa mojawapo kati ya nne ambazo mgonjwa wa kawaida humeza miezi miwili ya mwanzo, pamoja na rifampisini, isoniazidi na ethambutoli. Dawa hii huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, ileile inayoleta jongo; asidi hiyo hupanda kwenye damu, na viungo huuma. Ethambutoli nayo huchangia kidogo.

Baridi yabisi ya rumatoidi haihitaji TB. Kinga ya mwili hugeukia utando wa viungo na kuendelea hivyo miaka na miaka, hadi vidole vinapinda. Imo katika ulinganisho huu kwa sababu Poncet hufanana nayo sana katika wiki za mwanzo, na kosa la kuchanganya hawa wawili ndilo linaloumiza kuliko yote.

Lini

Kadi ya kliniki ya TB ina tarehe ya kuanza dawa. Itoe, kisha weka kando yake tarehe ambayo kiungo cha kwanza kilianza kuuma, hata ikiwa ni ya kukadiria. Hizo tarehe mbili hazigharimu kitu, na zinaweza kukuonyesha njia kabla hujapimwa damu hata tone.

Kama maumivu yalianza baada ya kidonge cha kwanza, ndani ya ile miezi miwili, mshukiwa wa kwanza ni pirazinamidi. Mara nyingi panauma bila kuvimba sana: mabega, magoti, vidole. Mtu anatembea, anapanda matatu, anafanya kazi, ila analalamika. Mwezi wa tatu, pirazinamidi ikiondolewa kwenye mpangilio na kubaki rifampisini na isoniazidi, maumivu huisha. Yasipoisha, au yakianza mwezi wa nne, usiilaumu tena dawa ambayo mgonjwa hamezi.

Poncet mara nyingi hutangulia. Viungo huvimba kabla TB haijajulikana, wiki au hata miezi kabla, au vyote viwili huja pamoja. Chukulia mama wa Kayole ambaye vifundo vya miguu na magoti vimevimba tangu Aprili, ana homa za jioni, amepungua uzito, na amekwisha kudungwa dawa ya maumivu, diklofenaki, kwenye kemisti mbili. Mwezi Juni mtu anagusa shingo yake na kukuta tezi. Tezi hiyo ndiyo ufunguo. Wagonjwa wengi wa Poncet walioelezwa na madaktari wana TB iliyo nje ya mapafu, hasa kwenye tezi, ndiyo maana hawakohoi na ndiyo maana hakuna aliyefikiria TB. Wengine hutokewa na vinundu vyekundu vyenye maumivu kwenye miundi, na hivyo navyo ni dalili ya kinga iliyochafuka.

Kisha, dawa za TB zikianzishwa, Poncet hupoa. Nafuu huonekana ndani ya wiki kadhaa, na kwa wengi viungo husafika ndani ya miezi michache bila kuacha kilema. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: dawa zilezile ambazo kwa mgonjwa mmoja ndizo zimeleta maumivu, kwa huyu ndizo zinazoyaondoa. Ndiyo sababu kumwambia kila mgonjwa "ni dawa" ni hatari. Mwenye Poncet akiamini hivyo na kuacha vidonge, ameacha tiba pekee aliyokuwa nayo.

TB ya kiungo haina tarehe. Ukimuuliza mgonjwa, atakutajia kuanguka: aliteleza bafuni, alianguka na bodaboda, alicheza mpira uwanja wa Camp Toyoyo. Goti likavimba kidogo, likapoa, likarudi, na sasa ni miezi minane. Halina joto kali na halina wekundu wa kutisha, ila paja limekonda na goti halinyooki. Kuanguka huko mara nyingi kulikuwa kwa kweli, lakini mvilio hauvimbishi goti miezi minane.

Rumatoidi nayo huja polepole, ila ina saa zake: asubuhi. Vidole havikunjiki, kushika kikombe ni kazi, na ukakamavu huo hudumu saa nzima au zaidi kabla ya kulegea.

Kuna mtego mmoja katika hesabu hii ya tarehe. Mtu anayeishi na virusi vya ukimwi akianzishiwa dawa za kupunguza makali, kinga yake huamka, na TB iliyokuwa imelala ndani ya mwili inaweza kujitokeza kwa kishindo wiki chache baadaye, pamoja na iliyojificha kwenye kiungo. Kwa hiyo tarehe ya kuanza dawa hizo nayo iandikwe kando ya zile mbili.

Vingapi, na vipi

Kiungo kimoja kikubwa kilichovimba kwa miezi: fikiria TB ya ndani ya kiungo hadi ithibitishwe vinginevyo. Viungo kadhaa vikubwa na vya kati, yaani magoti, vifundo vya miguu, vifundo vya mikono, viwiko: Poncet anaingia. Viungo vidogo vya vidole, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa: rumatoidi. Kidole gumba cha mguu kilichowaka ghafla usiku hadi shuka haiguswi: jongo la kweli.

Sheria hizi huvunjika. Poncet wa kiungo kimoja ameonekana, na TB ya viungo viwili ipo. Ila kama mtu anaumwa mgongo sehemu moja, na mfupa umetokeza hapo, hiyo si Poncet. Poncet kwa kawaida huuacha uti wa mgongo. Na mgongo ukiuma hivyo, kisha miguu ikaanza kukosa nguvu au mkojo ukakataa kuzuilika, usiende kliniki ya wiki ijayo. Ni dharura ya leo, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo imebanwa.

Dharura nyingine ni kiungo kimoja kilichovimba kwa siku moja au mbili, chenye moto, chekundu, kisichogusika, na homa juu yake. Huo huenda ni usaha wa bakteria wa kawaida, na kiungo huharibika upesi. Achana na ulinganisho huu, nenda hospitali usiku huohuo.

Maji ya goti

Hapa ndipo pesa na muda vinapostahili kwenda, na hapa ndipo wengi hupitishwa haraka. Wapo wanaoamini kwamba goti likitolewa maji mara moja litajaa maisha yote. Si kweli. Goti hujaa tena kwa sababu ugonjwa uliolijaza haujatibiwa. Kunyonywa maji kwa sindano ni jambo la dakika chache mikononi mwa anayejua, na maji hayo yanaweza kujibu maswali ambayo damu haiwezi.

Yakifika maabara, yanatazamwa seli zilizomo, fuwele za jongo, bakteria wa kawaida, na bakteria wa TB. Jongo hujulikana kwa fuwele, usaha hujulikana kwa seli na kuota kwa bakteria wake. TB ndiyo inayojificha. Bakteria wake ndani ya kiungo huwa wachache, kwa hiyo darubini huwakosa mara nyingi. Mashine ya GeneXpert ni bora kuliko darubini, na hueleza pia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, lakini nayo ikisema hakuna haijafunga mjadala. Kuotesha maji hayo maabara huchukua wiki kadhaa, hata sita hadi nane. Kinachotoa jibu bora ni kipande kidogo cha utando wa kiungo kilichokatwa na daktari wa mifupa, kikapelekwa kuoteshwa na kutazamwa.

Nasisitiza hili kwa sababu neno "Poncet" huandikwa kwa wepesi. Poncet hana kipimo chake. Hakuna chupa ya damu inayorudi ikiwa imeandikwa Poncet. Hufikiwa kwa kuondoa wengine: TB imethibitishwa mahali pengine mwilini, kiungo kimetafutwa bakteria na hawakuonekana, hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza uvimbe, na viungo vimepoa kwa dawa za TB. Sharti la mwisho hutimia baadaye tu. Kwa hiyo daktari mwaminifu siku ya kwanza atasema "nadhani ni Poncet". Akisema kwa uhakika kabisa kabla ya kutoa tone la maji kwenye goti lililojaa, muulize kwa heshima maji yatapimwa lini.

Damu na picha: vipimo vinavyodanganya

Asidi ya yuriki ndiyo inayopotosha zaidi. Mgonjwa anameza pirazinamidi, anaenda maabara ya binafsi, karatasi inarudi na asidi ya juu, na hapo hapo anaitwa mgonjwa wa jongo. Lakini asidi hiyo hupanda kwa karibu kila anayemeza pirazinamidi, aumwe au asiumwe. Karatasi imeonyesha kwamba anameza dawa zake vizuri, na pengine si zaidi ya hapo. Kisha anauziwa alopurinoli, dawa ambayo kwa jongo la kawaida ni nzuri. Kwa hali hii haisaidii, maana tatizo ni figo kuzuiwa kutoa asidi, na alopurinoli inaweza hata kuongeza mwilini kile kitokanacho na pirazinamidi kinachoziba njia hiyo. Hasara juu ya hasara.

Kipimo cha kinundu cha ngozi mkononi, kile cha Mantoux, huwa na majibu makali kwa wagonjwa wengi wa Poncet. Haya, lakini hapa Nairobi watu wazima wengi wamekutana na bakteria wa TB bila kuugua, na wengi walichanjwa BCG walipozaliwa. Mkono kuvimba kunaonyesha kwamba mwili unamjua bakteria. Hakuonyeshi kwamba goti linauma kwa ajili yake. Tafuta TB hai: kohozi, picha ya kifua, sindano ya tezi.

Kipimo cha damu cha rumatoidi nacho kinaweza kuwa chanya kwa mtu mwenye TB hai bila rumatoidi yoyote. Hata kile cha kisasa zaidi, kinachoaminika kuliko cha zamani, kimeonekana chanya kwa baadhi ya wagonjwa wa TB. Ukipimwa katikati ya TB, soma majibu kwa tahadhari na uyarudie tiba ikiisha.

Brusela ipo Kenya, hasa kwa wanaokunywa maziwa mabichi na wanaofuga, na huvimbisha viungo kweli. Ila kile kipimo cha haraka cha kuchanganya tone la damu na dawa ya rangi hukosea sana. Kabla ya kumeza dawa zake, omba kipimo cha kuthibitisha. (Na maziwa yachemshwe, yawe ya brusela au ya TB ya ng'ombe.)

Eksirei nitaipita haraka. Kwa Poncet na kwa pirazinamidi, mifupa huonekana mizima. Kwa TB ya kiungo, mfupa ulio karibu na kiungo hufifia, kingo huliwa, na nafasi ya kiungo hupungua polepole, lakini miezi ya mwanzo picha inaweza kuwa safi kabisa. Kwa mgongo, pigania picha ya MRI kama inawezekana.

Jina likibadilika, dawa inabadilika

Ugonjwa ukiwa wa pirazinamidi: endelea na dawa. Daktari atakupa parasetamoli, aspirini au ibuprofeni kwa kiasi, akizingatia tumbo, figo na ini. Usiitoe pirazinamidi mwenyewe. Matibabu bila dawa hiyo hurefuka hadi miezi tisa, na kuchagua kidonge kimoja cha kutupa hakuwezekani hata hivyo, kwa kuwa dawa zote nne zimo ndani ya kidonge kimoja.

Ukiwa wa Poncet: dawa ni zilezile za TB uliyonayo, kwa kawaida miezi sita, pamoja na za maumivu za kukuvusha wiki za mwanzo. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe zinazoshusha kinga, mara nyingi hazihitajiki. Viungo vyenyewe havimwambukizi mtu, ingawa TB ikiwa ya mapafu, familia inapaswa kupimwa kama kawaida.

Ukiwa wa TB ya kiungo: kwa utaratibu wa Kenya, TB ya mifupa na viungo hutibiwa miezi 12, miwili ya dawa nne na kumi ya dawa mbili. Hapa ndipo kosa la jina linapogharimu. Mwenye TB ndani ya nyonga akiandikwa Poncet, atapata nafuu, atamaliza miezi sita, atapongezwa, na nusu ya tiba yake haitakuwa imetolewa. Anahitaji pia mazoezi ya viungo, na pengine upasuaji.

Ukiwa wa rumatoidi: methotreksati na wenzake, dawa za kushusha kinga, ni dawa njema na wengi zimewaokoa vidole. Lakini zije baada ya TB kutafutwa na kutibiwa. Steroidi ndizo zinazoniogofya kwa sababu zinapendeza. Prednisoloni, mojawapo ya steroidi, humpa nafuu mwenye Poncet, mwenye rumatoidi na hata mwenye TB ya kiungo, kwa siku chache, halafu TB hutambaa chini kwa chini. Kupata nafuu kwa steroidi hakukuambii una ugonjwa gani. Tahadhari hiyohiyo iwe kwa poda za baridi yabisi zisizo na lebo zinazouzwa stendi za matatu. Poda za namna hiyo zimewahi kukutwa zimetiwa steroidi. Jambo jingine la pembeni: rifampisini huharakisha mwili kuvunja prednisoloni, na huvunja pia nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Hili la pili akina mama wengi hawaambiwi.

Wanaotibiwa TB sugu wana hesabu yao. Bedakwilini huleta maumivu ya viungo kwa wengi, na levofloksasini inaweza kuumiza kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino. Maumivu makali hapo yasisubiri miadi.

Nairobi, unaanzia wapi

Kama tayari una kadi ya TB, anzia kwenye kliniki hiyohiyo, hata kama inachosha. Dawa za TB na kipimo cha GeneXpert ni bure katika vituo vya umma, na wao ndio wenye tarehe zako. Waambie maneno haya: vilianza lini, vingapi, kimoja kimevimba au vyote vinauma tu. Muhudumu atakayesikia "goti moja, miezi mitano, halinyooki" ana sababu ya kukuandikia rufaa. Ukisema "viungo vinauma" utapewa parasetamoli.

Kama huna kadi na huna utambuzi, na viungo vimevimba pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au tezi, omba kupimwa TB kabla ya kutafuta mtaalamu wa baridi yabisi. Hospitali ya Mbagathi, ambayo wazee bado huiita IDH kwa kuwa ilianza kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, ina uzoefu wa TB wa miaka mingi. Kwa kiungo kimoja kinachohitaji kunyonywa au kukatwa kipande, unamtaka daktari wa mifupa: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, au Hospitali ya PCEA Kikuyu nje kidogo ya jiji. Ulizia mapema kile ambacho SHA, bima ya afya ya serikali, italipa na kile utakachotoa mfukoni, maana vipimo vya TB kuwa bure hakufanyi upasuaji kuwa bure.

Madaktari bingwa wa baridi yabisi ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Ukibahatika kumwona mmoja naye akataka kukuanzishia methotreksati, mwonyeshe kadi ya TB hata kama ulimaliza dawa zamani. Mwambie pia kama kuna mtu nyumbani anayekohoa. Bingwa mzuri atauliza mwenyewe, lakini usimwachie bahati.

Jina la Poncet lipewe muda wa kujithibitisha. Miezi miwili ya dawa ikipita na viungo vimetulia, vyema, malizia miezi iliyobaki. Vikibaki vimevimba vyote, hasa vidole, rudi kwenye swali la rumatoidi. Na kama goti moja limebaki limejaa huku mengine yakiwa yamepona, hilo moja ndilo la kukatwa kipande na kuoteshwa, hata kama faili limeandikwa Poncet.